Kozi ya misingi ya usalama wa kompyuta mbona ni nadharia na hesabu tupu? Naombeni muongozo wakuu

bito_nane

Wakuu habari zenu. Nipo mwaka wa pili, nasoma sayansi ya kompyuta, na semista hii tumeanza kozi ya misingi ya usalama wa kompyuta na taarifa. Kiukweli hii kozi niliisubiri kuliko zote, nikajua sasa ndo tunaenda kujifunza udukuzi, kuingia kwenye mifumo, kupitia mlango wa nyuma na vitu kama hivyo. Matokeo yake semista inakaribia katikati na hata kompyuta hatujagusa. Tulianza na usiri, uadilifu (yani data isichezewe) na upatikanaji, lekchara akakaa hapo weee, halafu zikaja zile modeli za Bell-LaPadula na Biba za kuamua nani asome au aandike nini, moja inasema usisome juu usiandike chini, nyingine inasema kinyume chake, mimi nimezikariri tu kama shairi sielewi zinatumika wapi. Sasa hivi tupo kwenye kriptografia, elimu ya kusimba ujumbe, na imekuwa ni namba tasa, mabaki na vipeo, yani hesabu nilizodhani nimeshaagana nazo zimenifuata huku.

Sasa naomba kuuliza, hii nadharia kazini ina msaada wowote au ni ya kujibia pepa tu? Ile RSA, njia ya kusimba kwa ufunguo wa umma, kuna namna ya kuielewa kwa mtu ambaye hesabu zinampiga chenga? Na nyie mliopita hapa mlikuwa mnafanyia wapi mazoezi ya vitendo bila kujiingiza kwenye matatizo? Desa tulilopewa ni slaidi zenye vichwa vya habari tu, maelezo yalibaki kinywani mwa lekchara. Natanguliza shukrani.

---

kipanya_waya

Hahahaa kila mwaka lazima aje mmoja na hili swali. Dogo, udukuzi wa kwenye muvi ule wa maandishi ya kijani hauna kozi. Soma mtandao kwanza, ujue pakiti inatokaje hapa inafikaje kule, kinachotokea ukiandika anwani ya tovuti ukabonyeza enta. Usipojua hivyo ukipewa Kali, ile Linux yenye zana za udukuzi, utakuwa unabofya bofya tu unasubiri kitu kitokee.

---

Mlinzi_wa_Lango

bito_nane karibu sana kwenye fani. Kinachokuumiza sio nadharia, ni kwamba umepewa nadharia bila matukio. Ngoja nikupe matukio.

Chukua WannaCry, Mei 2017. Programu ile iliingia kwenye kompyuta za Windows ikafunga mafaili ya watu na kudai malipo, hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa kwa sababu kompyuta hazifunguki. Jiulize hapo kimevunjwa nini kati ya yale matatu. Wengi wanakimbilia kujibu usiri, wakati kilichowaumiza watu siku ile ni upatikanaji, daktari anataka rekodi na rekodi haifunguki. Halafu sasa ona hili, kiraka cha kuziba lile tundu Microsoft walikuwa wameshakitoa tangu Machi 2017, miezi miwili kabla. Hapo ndipo utaona kwa nini mnasumbuliwa na tofauti ya tishio, udhaifu na hatari. Udhaifu ni lile tundu kwenye SMB, njia ya Windows ya kushirikiana mafaili mtandaoni. Tishio ni wale wenye nia na uwezo wa kulitumia. Hatari ni uwezekano wa hayo mawili kukutana kwako wewe, na hasara utakayopata yakikutana. Aliyeweka kiraka mwezi Machi tishio lilibaki palepale ila udhaifu kwake uliisha, kwa iyo hatari ikashuka. Ukijibu namna hii kwenye pepa msahihishaji anajua huyu hajakariri.

Chukua na Heartbleed, Aprili 2014, hii ilikuwa kwenye OpenSSL, programu inayotumiwa na seva nyingi kusimba mawasiliano. Kuna kiujumbe kifupi cha kuulizana "upo hewani?", unatuma maneno kidogo na unataja urefu wake, seva inakurudishia maneno yaleyale. Kosa ni kwamba seva haikuhakiki urefu uliotajwa. Unatuma herufi moja unadai umetuma kilobaiti 64, basi seva inakurudishia herufi yako pamoja na chochote kilichokuwa jirani kwenye memori, humo kuna nywila za watu, vidakuzi, mpaka ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Hakuna faili lililofungwa wala kubadilishwa, tovuti zinadunda kama kawaida. Upatikanaji upo, uadilifu upo, usiri ndo umekwenda na maji.

Sasa kuhusu Bell-LaPadula, hii ndo naona watu wengi wanafundishwa nusu. Ilitengenezwa miaka ya 1970 kwa ajili ya jeshi la anga la Marekani, shida yao ilikuwa kompyuta moja wanaitumia watu wenye viwango tofauti vya siri. "Usisome juu" kila mtu anaielewa, mdogo asisome mafaili ya mkubwa. Inayochanganya ni "usiandike chini". Kwa nini umkataze mkubwa kuandika kwenye faili la chini, si anajua cha kuficha? Jibu ni kwamba modeli haimuogopi mkubwa, inaogopa programu anayoiendesha. Mkubwa akifungua programu yenye virusi ndani yake, ile programu inafanya kazi kwa ruhusa zake yeye, inasoma siri halafu inazinakili kimyakimya kwenye faili la chini ambalo mdogo anaweza kulisoma. Ukikataza kuandika chini umeziba hiyo njia hata kama programu ina nia mbaya. Ukishalielewa hilo huhitaji kukariri tena.

Na Biba inageuza kwa sababu yenyewe haijali siri, inajali uadilifu. Hofu yake ni data chafu kuchafua data safi, kwa hiyo mchakato unaoaminika usisome vitu visivyoaminika, na usioaminika usiandike kwenye vinavyoaminika. Hiyo ya pili unaiona kila siku, programu uliyoipakua mtandaoni hairuhusiwi kuandika kwenye mafaili ya mfumo mpaka utoe ruhusa ya msimamizi.

---

haraka_haraka

Sikubaliani na mkuu hapo juu. Nipo kazini na sijawahi kuulizwa Biba hata siku moja. Dogo pata C uvuke, muda unaobaki tafuta vyeti, jifunze zana, ajira inaangalia unachoweza kufanya. Nadharia waachie watakaobaki kufundisha.

---

Mlinzi_wa_Lango

haraka_haraka nakuelewa mkuu na vyeti sivibezi. Lakini hutaulizwa Biba kwa jina. Utaulizwa "huyu mtumiaji wa idara ya mauzo kwa nini programu yake inaandika kwenye seva ya malipo", na ukijua kanuni utaliona tatizo kabla ya logi kukuonyesha. Zana unazojivunia leo zitabadilika. Watafiti Saltzer na Schroeder waliandika kanuni zao nane mwaka 1975, mpe kila mtu ruhusa ndogo kabisa inayomtosha kazi yake, kisichoruhusiwa wazi kihesabike kimekatazwa, kagua ruhusa kila mara kitu kinapoguswa, fanya mfumo uwe mwepesi kiasi cha kukagulika, na kadhalika, na mpaka leo ukifungua ripoti ya tukio lolote kubwa unakuta kuna moja humo imekanyagwa.

---

haraka_haraka

Sawa, ya ruhusa ndogo hata mimi naitumia kila siku, sikujua ni ya 1975. Ila bado nasema slaidi pekee hazimpi mtu kazi.

---

Baki_Sifuri

Mimi nasaidia tuto za kriptografia kwa hiyo nijibu hapo kwenye hesabu. bito_nane chukua kalamu na karatasi kabisa, usisome hii kwa macho tu, RSA haisomwi kwa macho.

Chagua namba tasa mbili, 3 na 11. Zizidishe, n = 33. Toa moja moja kwenye kila tasa halafu zidisha, 2 × 10 = 20. Sasa tafuta namba isiyo na kigawo cha pamoja na 20 zaidi ya 1, tuseme 3, hiyo ni e. Halafu tafuta d ambayo ukiizidisha na 3 ukagawanya kwa 20 inabaki 1. Jaribu 7: 3 × 7 = 21, toa 20 inabaki 1. Basi d = 7. Ufunguo wa umma ni (3, 33), unampa mtu yeyote hata adui. Ufunguo wa siri ni 7, unakaa nao mwenyewe.

Mtu anataka kukutumia namba 4. Anafanya 4 kwa kipeo cha 3 ni 64, anagawanya kwa 33, baki ni 31. Anatuma 31. Wewe unachukua 31 kwa kipeo cha 7, unagawanya kwa 33. Usihangaike na namba kubwa, 31 ni sawa na −2 ukiwa unahesabu mabaki ya 33, na −2 kwa kipeo cha 7 ni −128, ongeza 132 (yani 33 mara 4) unapata 4. Ujumbe umerudi. Ndo RSA yote hiyo, Rivest, Shamir na Adleman walikuja nayo mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya Diffie na Hellman kuchapisha wazo la ufunguo wa umma.

Sasa usalama upo wapi? Adui anajua 33 na 3. Ili apate 7 anahitaji ile 20, na ili apate 20 anahitaji kujua kwamba 33 ni 3 × 11. Kwa 33 hata mtoto anaweza. Lakini kwenye mifumo halisi n ina biti 2048, hiyo ni namba yenye tarakimu zaidi ya 600, na hakuna njia inayojulikana hadharani ya kompyuta za kawaida kuivunja kuwa tasa zake mbili ndani ya muda wenye maana. Kila kitu kingine kwenye hesabu hii kipo wazi. Hilo nalo usilipite haraka, maana Kerckhoffs alilisema tangu 1883, mfumo ubaki salama hata adui akiujua wote isipokuwa ufunguo. Mtu akikuambia "programu yetu ni salama kwa sababu hakuna anayejua inavyosimba", ogopa.

Zoezi la nyumbani, tumia tasa 5 na 11, e = 3, nitafutie d, halafu simba namba 2. Lete jibu hapa.

---

bito_nane

Aisee wakuu mungu awabariki, hiyo ya usiandike chini nimekaa nayo tangu semista ianze hakuna aliyeniambia ni kwa sababu ya programu na sio mtu. Zoezi nalifanya leo.

Baki_Sifuri au yeyote, kuna kitu kingine kinanivuruga. Tumeambiwa nywila hazisimbwi, zinahashiwa, yani zinageuzwa kuwa alama ya urefu maalumu inayoitwa heshi, na heshi hairudi nyuma. Kama hairudi nyuma sasa mbona kila siku tunasikia nywila zimevuja na watu wanaingiliwa akaunti? Na ile chumvi, maandishi ya nasibu yanayochanganywa na nywila kabla ya kuhashi, mbona tunaambiwa inahifadhiwa palepale pembeni ya heshi, si ni kama kuficha ufunguo chini ya zulia la mlangoni?

---

dada_logi

Swali zuri sana hili, na hupenda kuja kwenye mtihani.

Mdukuzi hairudishi heshi nyuma, hana haja. Anabahatisha. Anachukua orodha ya nywila ambazo watu wanapenda kutumia, 123456 na ndugu zake, majina, tarehe, kila moja anaihashi mwenyewe halafu analinganisha na kilichoibiwa. Zikifanana amekupata. Na hapo kasi ndo adui yako, kwa sababu kanuni za kuhashi kama SHA-1 au SHA-256 zilitengenezwa ziwe za haraka, kadi ya picha ya kuchezea magemu inajaribu mabilioni kwa sekunde moja. Tukio la LinkedIn la mwaka 2012 ndo mfano wa darasani, heshi zilikuwa za SHA-1 na hazina chumvi, mamilioni ya nywila zikapatikana.

Chumvi haijawahi kuwa siri bwana bito, ondoa hilo kichwani. Kazi yake ni kuhakikisha watu wawili wenye nywila moja hawapati heshi moja. Bila chumvi mdukuzi akihashi "123456" mara moja tu anawakamata wote walioitumia kwa mkupuo, tena anaweza kuja na jedwali aliloliandaa mwaka jana. Ikiwepo chumvi ya kila mtu yake, inabidi arudie kazi upya kwa kila akaunti, na jedwali lake analitupa. Umeona kwa nini haijalishi akiiona? Inamuongezea kazi hata akiwa anaiangalia.

Ila chumvi haimpunguzii kasi kwa akaunti moja. Hapo ndo zinapoingia bcrypt ya mwaka 1999, na Argon2 iliyoshinda shindano la kuhashi nywila mwaka 2015. Hizi zimefanywa ziwe za polepole kwa makusudi, na Argon2 inakula na memori nyingi ili kadi za picha zisifaidi. Kwako ukiingia kwenye akaunti ni chini ya sekunde huoni tofauti, kwa anayejaribu mabilioni ni kilio.

Na kwenye pepa usije ukaandika "nywila inasimbwa kwa SHA-256". Kusimba kuna ufunguo na kunarudi. Kuhashi hakuna ufunguo na hakurudi. Nimeona watu wanapoteza maksi za bure hapo, na kazini nimeona hadi watu wazima wanaandika hivyo kwenye nyaraka za mfumo.

Kuhusu mazoezi, sikiliza vizuri hapa. Weka VirtualBox kwenye kompyuta yako, tengeneza mashine pepe mbili, mtandao wao uwe wa ndani tu usitoke nje. Moja iwe ya kushambulia, nyingine weka programu zilizotengenezwa zikiwa na matundu makusudi kama DVWA au Juice Shop ya OWASP. Kabla ya kushambulia chochote fungua Wireshark, zana ya kuonyesha pakiti zinazopita, uangalie. Ingia kwenye ukurasa wa HTTP wa hiyo mashine yako, utaiona nywila yako inapita kwenye pakiti imeandikwa wazi kabisa, halafu rudia kwa HTTPS uone takataka tupu. Hiyo peke yake inafundisha kuliko slaidi arobaini. Ukichoka na hiyo kuna Bandit ya OverTheWire, unaingia kwenye seva ya mbali kwa SSH unatafuta nywila ya hatua inayofuata, itakulazimisha uzoee Linux, na kuna picoCTF ya Carnegie Mellon ambayo imetengenezwa kwa wanafunzi kabisa. Zote bure.

---

kipanya_waya

Naongezea kwenye hilo la matatizo aliloulizia. Usije ukasema ngoja nijaribu Nmap, zana ya kuchunguza mitandao, kwenye mtandao wa chuo nione. Hata kama huna nia mbaya. Ruhusa iwe ya maandishi kutoka kwa mwenye mfumo, na iseme ni mashine zipi na lini, "lekchara alisema sawa" sio ruhusa. Yule Robert Morris aliyeachia mnyoo wake, programu inayojisambaza yenyewe, Novemba 1988 alikuwa mwanafunzi tu wa chuo kikuu cha Cornell, na haukuibia mtu chochote, ila ulikuwa unajirudia kwenye kompyuta ileile mara nyingi mpaka mashine zinaelemewa. Akatiwa hatiani mahakamani, kifungo cha nje miaka mitatu, saa 400 za kazi za jamii, na faini zaidi ya dola 10,000. Baadaye akawa profesa MIT lakini wewe usitegemee hiyo sehemu ya mwisho.

---

haraka_haraka

Hapo kwa kipanya_waya naunga mkono kwa mikono miwili. Na huo mnyoo dogo usome vizuri ulivyoingia, njia mojawapo ilikuwa bafa kufurika kwenye huduma ya finger, programu inasoma maandishi bila kuangalia urefu kama yanatosha kwenye nafasi iliyotengwa. Linganisha na hiyo Heartbleed aliyoeleza Mlinzi. Miaka zaidi ya 25 kati yao na ni uzembe uleule wa kutokuhakiki urefu. Ndo maana nasema jifunze C hata kidogo, uone memori inavyokaa, ukishaandika programu yako mwenyewe ikafurika ukaiona inaanguka hutasahau.

---

bito_nane

Nimerudi na zoezi. n = 55, ile nyingine ni 4 × 10 = 40, d nimepata 27 kwa sababu 3 × 27 = 81 na 81 ukigawanya kwa 40 inabaki 1. Nikisimba 2 napata 8. Kusimbua 8 kwa kipeo cha 27 nimetumia Python sijaweza kwa mkono, imerudi 2. Nimefurahi kama mtoto aisee.

---

Baki_Sifuri

Safi kabisa, zote ziko sawa. Kwa mkono ungepanda kwa kuzidisha mara mbili mbili, kipeo cha 2, cha 4, cha 8, cha 16, kila hatua unachukua baki, halafu unaunganisha 16 + 8 + 2 + 1. Hata kompyuta zinapita njia hiyohiyo, jizoeze maana kwenye chumba cha mtihani Python haingii.

Sasa kwa funguo hizohizo simba namba 57 uniambie umepata nini.

---

bito_nane

57 nayo imetoa 8! Na nikisimbua inarudi 2 sio 57. Nimekosea wapi?

---

Baki_Sifuri

Hujakosea. 57 ukigawanya kwa 55 inabaki 2, kwa hiyo kwenye ulimwengu wa mabaki ya 55 hizo mbili ni namba moja. Ujumbe lazima uwe mdogo kuliko n, basi. Hata kwa biti 2048 nafasi ni baiti 256, tena unaipungukia kwa sababu ya kijazio cha nasibu kinachowekwa ili ujumbe uleule usitoe jibu lilelile kila mara, na hiki kijazio ni cha lazima, RSA ya kwenye karatasi tuliyofanya hapa isiguse mfumo wa kweli. Faili la gigabaiti moja haliingii humo, na hata ungelikatakata ungesubiri sana maana RSA ni nzito. Kinachofanyika ni kwamba faili linasimbwa kwa AES ambayo ni nyepesi na ina ufunguo mmoja mfupi wa biti 128 au 256, halafu ule ufunguo ndo unapitishwa salama kwa njia ya ufunguo wa umma. Kwenye tovuti za HTTPS zinazotumia TLS 1.3 ya mwaka 2018, itifaki inayosimba mawasiliano hayo, hata hiyo kazi ya kubeba ufunguo RSA imenyang'anywa, wanapatana ufunguo kwa njia ya Diffie-Hellman, RSA ikibaki inatumika kwenye sahihi tu. Mkifika kwenye sahihi za kidijitali njoo tena, pale e na d zinabadilishana kazi na ndipo darasa zima huwa linapotea.